Kinyozi Anayefuga Vijidudu

Adui mkubwa wa kinyozi huyu duniani ni mdudu asiyeonekana kwa macho. Mteja akinyanyuka tu, mashine inanyunyiziwa dawa, vitana vinachovywa kwenye chombo cha dawa ya bluu, kiti kinafutwa, kisha mwenyewe anajipaka spiriti mpaka kwenye viwiko. Bwana afya akipita mtaani huingia kwake kupumzika tu, si kukagua.

Ndiyo maana kilichompata kwenye tangi kilimuuma.

Alitaka samaki wa maji ya chumvi, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ili wateja wawe na kitu cha kutazama wakisubiri zamu. Saluni wanagawana na mkewe: yeye ananyoa upande wa mlangoni, mke anasuka na kuseti nywele upande wa ndani. Kona pekee iliyotosha tangi ilikuwa na kiti cha mke cha kukaushia nywele.

"Nakuazima hiyo kona mpaka shule zifungwe," mkewe, Mama Pacha, alimwambia. "Likizo ndipo wateja wangu wanapojaa. Kama hamna samaki, kiti changu kinarudi, na sitaki mdomo."

"Mama Pacha, samaki wataingia wiki hii hii."

Muuza samaki alimkata maini. Samaki wakijisaidia, alieleza, maji yanapata sumu ya amonia. Kuna bakteria wanaoila na kuigeuza sumu ya pili, naitraiti, na wengine wanaoimaliza hiyo ya pili. Tangi jipya halina hata mmoja wao. Lazima waote kwanza, kwenye mchanga, mawe na sponji ya pampu.

"Tumbukiza kamba mbichi, hawa wa kula, aoze humo wapate chakula. Kisha pima maji: yachote kwenye kichupa, utie matone ya dawa ya kupimia. Kichupa kikiwa kijani, amonia ipo. Kikiwa njano, imeliwa. Usiwe na haraka."

Kamba akaoza vilivyo.

"Nahodha," fundi redio, mteja wa kudumu, aliuliza povu likiwa kidevuni, "humu ndani kafa nani?"

"Maji yanajiandaa."

"Yanajiandaa kwenda wapi?"

Saluni nzima ikaangua kicheko, na jina la Nahodha likamganda. Kila asubuhi alipima maji kabla ya kuning'iniza taulo. Kijani. Alibadilisha maji, akaweka kamba mwingine. Kijani kilekile. Alimpigia simu muuza samaki na kumfokea kana kwamba ndiye aliyepaka kile kichupa rangi.

"Hujagusa kitu humo?"

"Sijagusa kitu!"

"Basi ngoja."

Akangoja kwa hasira, akiipiga pampu makofi ya hapa na pale. Shule zilikuwa karibu kufungwa Mama Pacha alipokuta sponji imetundikwa dirishani, pembeni ya vitana.

"Hii nini?"

"Sponji ya pampu. Ilishaanza utelezi, kahawia, uchafu mtupu. Kila tukifunga naichovya kidogo kwenye dawa ya vitana, naisuuza, naianika."

Mama Pacha aliweka chini chanuo. Somo la muuza samaki alikuwa amelikariri bila kupenda, maana mumewe alilirudia kila wanapokula.

"Baba Pacha, hao bakteria ulisema wanakaa wapi?"

"Mchangani. Kwenye mawe. Na kwenye..." Akaitazama sponji dirishani.

"Malizia."

"Ningejuaje kwamba ule utelezi ndio wao?"

"Unawalisha mchana, unawaua jioni, halafu unagomba na simu!"

Kinyozi alibamiza taulo kwenye meza. Akamwaga kila kitu, akaosha mchanga kwa maji matupu, akanunua sponji mpya, akaanza upya. Shule zikafungwa tangi likiwa na kamba wa tatu. Kiti alikirudisha mwenyewe, bila kukumbushwa, akiwa amenuna. Tangi likahamia ujia wa nyuma, karibu na stoo, ambako hakuna mteja wa kulitazama.

"Na usiliguse," Mama Pacha aliongeza. "Kupima nitapima mimi."

"Nahodha, meli imezama?" fundi redio aliuliza. Siku hiyo alitoka na nywele fupi kuliko alivyoagiza.

Mchana mmoja, kikaushio kikivuma, mke alimwita ujiani. Alikuwa ameinua vichupa viwili kwenye mwanga.

"Hiki ni njano."

Kinyozi alikinyakua, akakigeuza huku na huku. Njano kweli.

"Ila hiki cha pili kilikuwa bluu, leo zambarau. Umekifanya nini?"

"Sijakigusa! Hiyo ndiyo sumu ya pili. Wale wa kwanza wameanza kula."

"Kwa hiyo samaki?"

"Bado."

"Bado tena!"

Aliinamia tangi. Kwenye kioo, kwa ndani, palikuwa na doa la utelezi wa kahawia, baya, la aibu kabisa. Mkono wake ukaenda wenyewe kulifuta. Ulipofika ukingoni aliisikia harufu ya spiriti vidoleni, akauvuta na kuutia mfukoni.