Pikapu Aliyoiacha Mtani Wangu

Wasomaji wangu, nimefiwa na mtani. Simu iliingia asubuhi nikiwa barazani namenya mihogo, na aliyepiga, binti yake wa pekee, hata hakuniamkia. "Bibi," akasema, "baba ametutoka alfajiri." Nikamwambia aache upuuzi wa ukoo wao, maana waliwahi kunipigia simu kwamba baba yao amekufa, nikaenda mbio, kumbe amelala chini ya gari anakaza nati. Upande wa pili nikasikia kilio. Kisu nikakiweka chini. Alikuwa fundi wa magari, Mngoni wa Songea aliyekuja Mtwara kijana akazeekea hapa, na mimi ni Myao. Wangoni na Wayao ni watani tangu babu zao Wangoni walipotufukuza na ngao zao za ngozi, na kwa haki hiyo, miaka yote tuliyojuana, sikumwita jina lake wala yeye hakuniita langu. Aliniita Mla Panya. Nilimwita Mwizi wa Ng'ombe. Kwa hiyo hata leo jina lake sitaliandika, ingawa ninalijua, na la baba yake, na la babu yake, na la kila mtu nitakayemgusa humu.

Tulijuana kwa sababu ya kuku. Kwenye shamba letu la mikorosho kule Mpapura palikuwa na mzoga wa pikapu, zile za zamani ambazo tairi zote nne zinavuta, walioutelekeza watengeneza barabara mume wangu akiwa bado hai. Haikuwa na tairi wala injini. Mche wa mkorosho ulikuwa umetoboa sakafu unachungulia dirishani, na kuku wangu mwekundu alikuwa anatamia kwenye kiti cha dereva. Fundi akaja na baiskeli, akaizunguka mara tatu, akagonga chasisi kwa spana na kutega sikio kama daktari. Akaniuliza kama naiuza. Nikamuuliza kwao wapi, na alipotaja Songea nikacheka mpaka nikakaa chini. "Siuzi," nikamwambia, "nakupa. Ila Mngoni usiniibie kuku. Subiri aangue." "Ataangua lini?" "Ametamia juzi. Hesabu mwenyewe." Mtu mwingine angemtoa kuku akamweka kwenye tenga. Huyu alingoja wiki zote tatu. Kila baada ya siku mbili anakuja na baiskeli yake, analala chini ya chasisi, anakwangua kutu polepole kuku asishtuke, na akiondoka anamwaga punje za mtama alizokuja nazo mfukoni. Siku vifaranga vilipotoka aliniita kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto.

Kuijenga kulimchukua miaka mitano. Nyuma ya chasisi palikuwa pameliwa na kutu, akakata sehemu hiyo, akachomelea chuma cha trela la trekta. Injini alitoa kwenye lori dogo lililoungua, bodi akachonga kwa mbao za mninga, difu ya mbele, yaani zile gia za kuzungusha tairi, akaipata Masasi na ya nyuma Lindi. Siku ya kuijaribu alinichukua tukaenda kwenye mchanga nje ya Naliendele, akaingiza tairi zote nne, na gari likaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Mbele kulitaka kwenda mbio kuliko nyuma. Akazima, akafungua difu zote mbili palepale mchangani, akahesabu meno ya gia. Hayakulingana. Nilidhani atalia. Akafuta mikono, akasema, "Mla Panya, nimeoza watu wasiosikilizana." Akatafuta difu nyingine mwaka mzima. Siku hizi nasikia watu wakilalamika kwamba kazi za mikono zimekufa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sibishani na wasomi, lakini niliona mtu mzima akibomoa kazi yake ya miaka minne bila kumlaumu yeyote, na binti yake huyu, mwenye watoto wake tayari, akimshikia taa na kuandika hesabu ya meno kwenye kiganja. Kazi haifi mahali ambapo kuna mtu anaandika.

Baadaye pikapu ile ikawa ndiyo barabara ya watu. Kuna kijiji karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini ambacho masika yakianza magari yote yanakisahau. Njia inapita kwenye uwanda wa tope katikati ya mikoko, na hata pikipiki hubebwa begani. Fundi na bintiye walipeleka huko mabati, dawa, walimu na wajawazito, wakarudi na mpunga na samaki wakavu. Baba alipoanza kuumwa miguu, binti akashika usukani. Kwa kazi hiyo alikula yeye na wanawe.

Sasa nifike siku ya kuanua matanga. Watani tulikuwa tumeshafanya kazi yetu. Nililala kando ya kaburi nikazuia mazishi, nikaiga alivyotembea akishika kiuno, wafiwa wakacheka huku wanalia. Ndipo kaka mkubwa wa marehemu, aliyefika kwa basi kutoka Songea, akasimama katika kikao cha ukoo akasema lile dude la chuma pale uani halina faida, wanunuzi wa chuma chakavu watafika adhuhuri na mtungi wao wa gesi walikate.

"Baba mkubwa, linatembea," binti akasema.

"Na mwenye kulitembeza tumemzika."

"Mimi nalitembeza."

"Wewe?" Akatazama wazee wenzake. "Tope la Ruvuma na mtoto wa kike? Likikwama huko nani atakwenda kukutoa, mimi na mgongo huu?"

Wakacheka. Binti akainamisha kichwa, akawa anakunja pindo la kanga yake, anakunjua, anakunja. Desturi yetu ni kwamba mtani msibani anaweza kushika kitu cha marehemu, na wafiwa hawakipati mpaka wakikomboe kwa anachotaka. Nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikavuka uani, nikapanda kwenye ile pikapu na kufunga mlango. "Nimeshika!" nikapiga kelele. Kaka mtu akaja anatabasamu, mkono uko mfukoni.

"Haya, Mla Panya, taja."

"Sitaki hela yako. Babu zenu walitufukuza na mikuki, leo wajukuu mnaogopa tope? Huyu binti aliendeshe gari hili mpaka kijiji cha mtoni na kurudi, na wewe ukiwa ndani. Likikwama, likatwe hukohuko. Likirudi, ni lake, na lisijadiliwe tena."

Vigelegele vikapigwa. Tabasamu likamtoka, lakini ukombozi wa mtani haukataliwi mbele za watu. Akapanda katikati yetu, amevaa viatu vyake vya msibani vilivyopigwa rangi.

Tulipofika kwenye uwanda binti akasimamisha gari. Akavua kandambili, akafunga kanga, akachukua fimbo na kuingia kwenye tope, anachoma, anasogea, anachoma. Akarudi matope yamefika mapajani, akazima injini.

"Tunasubiri," akasema.

"Tunasubiri nini? Mto uhame?"

"Maji yashuke, baba mkubwa."

"Mto gani unaoshuka mchana mmoja? Umeogopa, sema umeogopa twende zetu."

"Huu unasukumwa na bahari. Sasa hivi imejaa mpaka huku. Alasiri utaona."

Kwao Songea mito inakwenda upande mmoja tu, akaona anadanganywa. Akashuka atuonyeshe kwamba panapitika. Hatua ya tatu tope likamshika gotini, na tulipomvuta mguu ulikuja peke yake, kiatu kikabaki. "Mngoni leo umepanda mpunga," nikamwambia, "rudi mwakani uvune." Hakucheka. Nami niwaambie ukweli, moyo wangu ulikuwa umeanza kuuma. Baba yake binti, aliyemngojea kuku wiki tatu, hakuwa na subira na tope hata dakika tano. Yeye alikuwa anaingia injini inanguruma, ananasa, anachimba nusu siku, anatoka anasifiwa. Nikamtazama binti amekaa tu, mikono mapajani, nikasema moyoni, nimemponza. Nimempokonya gari kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alasiri maji yakaanza kujivuta. Yalitoka kati ya mizizi ya mikoko taratibu, uwanda ukabaki unang'aa, kisha mng'ao ukafifia. Binti akashuka na fimbo tena. Safari hii aliporudi alipunguza upepo wa tairi zote mpaka zikakaa bapa kama nyayo za bata, akaingiza gia ndogo, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini. Hatukunguruma. Tulitambaa. Pikapu iliyumba mara mbili, na mara zote mbili aliuachia usukani ujitafutie njia badala ya kushindana nao. Kaka mtu alikuwa amenishika mkono, sijui kama mwenyewe alijua.

Kijijini watu walikuwa wamesikia mlio kabla hatujatokeza. Walikuja mbio, na waliponiona na kuona nani yuko kwenye usukani wakasimama. Habari ya kifo walikuwa nayo. Njia ndiyo hawakuwa nayo. Vijana walijaribu kwa miguu wakarudi. Mkunga wao, mwanamke wa rika langu, akaja akaweka viganja vyote viwili kwenye boneti yenye moto. "Tumemlilia huku peke yetu," akasema, "hata kaburi lake hatulijui." Alipoambiwa huyu mwenye kiatu kimoja ni kaka wa marehemu, akamshika mkono, akaanza kumtajia watoto waliozaliwa humo nyuma kwenye mbao za mninga, kwa majina. Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha wakatoa mchele na mikeka waliyokuwa wameandaa kwa ajili ya msiba, wakaanza kupanda. "Fanyeni haraka, maji yatageuka," binti akasema. Kaka mtu akampisha mkunga nafasi yake mbele, naye akaenda nyuma kushikilia mikeka.

Magharibi ilikuwa inakaribia tuliporudi nyumbani kwa marehemu. Wakata chuma walikuwa bado wako uani na mtungi wao. Wafiwa wa kijijini wakashuka wanalia, wanawake wetu wakawapokea, matanga yakawa kama ndiyo kwanza yanaanza. Kaka mtu akateremka wa mwisho, akawaendea wale vijana. "Poleni kwa kusubiri," akawaambia. "Gari lina mwenyewe." Halafu akaomba maji ya kunawa mguu.

Sisi tuliozeeka tunasema tunataka kazi zetu ziendelee, lakini mara nyingi tunachotaka ni kujiona wenyewe kwa mara ya pili. Mimi niliyempigania binti yule ndiye niliyemhukumu alipozima injini, kwa kuwa hakufanya kama baba yake. Kuvuka alifundishwa, kungoja maji alijifunza mwenyewe, peke yake, safari baada ya safari, na huenda hata baba hakujua. Kwa hiyo nyinyi wenye gereji, wenye cherehani, wenye mashamba: ukimwona mwanao ameshika kazi yako na anaifanya sivyo ulivyomwonyesha, usimpokonye spana. Kaa kando yake, ufunge mdomo, na umwache amalize.