Fundi wa Kashaulili aliyeifundisha saa kuongeza sita

Saa moja asubuhi inakaribia. Kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni huko Kawajense, Mpanda, fundi redio Maximilian amesimama pembeni, mikono nyuma. Ameapa hatasema neno.

Mbele ya saa yuko Bi Matilda, miaka 71, asiyejua kusoma, mama wa mwenye nyumba. Saa yenyewe ni kisanduku cha mbao ya mninga chenye taa nne za kioo. Ndani ya kila taa kuna nyaya nyembamba zilizokunjwa kuwa tarakimu, zikiwaka rangi ya chungwa.

"Ikimshinda huyu mama, narudi nayo na pesa nairudisha," Maximilian alisema mapema. Shilingi 180,000 alizolipwa alishanunulia mabati, kwa hiyo utani hana.

Taa hizo alizitoa kwenye vifaa vya zamani vya kupimia umeme alivyonunua kwa kilo kwa muuza vyuma chakavu. Zinatosha kutengenezea saa tatu tu. Ya kwanza ilimla miezi minane, huku mchana akitengeneza redio za watu mtaani kwake Kashaulili.

Shida ilianza umeme ulipokatika, maana ukikatika saa inasahau. Maximilian alikuwa ameandika karatasi ya hatua tisa, na Emelyne, mwenye nyumba, akazifuata zote. Ilikuwa saa moja asubuhi, akaweka moja. Kosa lake liko wapi hapo?

Alfajiri iliyofuata, saa kumi na moja, mgeni mmoja aliyekuwa na safari ya basi kwenda Inyonga alipita hapo akaona 11:00. Yeye kazoea simu, akadhani ni saa tano usiku, akarudi kulala. Basi la saa kumi na mbili likamwacha.

Emelyne aliifunika saa kwa kitambaa, akamwita fundi aje aichukue.

Maximilian aliichukua, na kwa wiki mbili alinung'unika kwamba watu hawasomi maelekezo. Kisha siku moja mkewe alimuuliza saa ngapi. Akatazama simu, ikasema 8:00, naye akajibu saa mbili bila kufikiri. Hapo aibu ikamshika. Hesabu aliyoifanya kichwani ndiyo aliyokuwa akimbebesha mteja.

"Nilimlaumu mama wa watu bure," anasema kuhusu Emelyne. "Kuongeza sita ni kazi ya saa, siyo yake."

Karatasi ya hatua tisa akaichana. Vitufe vinne vikabaki kimoja: redio ikipiga saa kamili, bonyeza idadi ya mara sawa na saa unayoitaja mdomoni, saa mbili mara mbili.

Redio inalia. Bi Matilda anabonyeza mara moja, anaondoa kidole. Taa zinacheza, zinatulia: 7:00.

Emelyne anatazama simu yake, anakunja kile kitambaa na kukiweka kabatini.

Bi Matilda anamgeukia fundi. "Ni hivyo tu? Sasa nyie mlikuwa mnagombania nini wiki zote hizi?"

Maximilian anacheka, kisha anasema zile saa mbili zilizobaki kutengenezwa atazijaribu nyumbani kwake kwanza, kabla hazijaona mteja.