Wimbo wa Kumuua Kijana

Kwenye basi la Mbinga walituwekea filamu ya majambazi, sehemu ya pili. Muziki wa kufokafoka ulipoanza na kijana mmoja akatoka mbio, mama wa kiti cha mbele aliinua kiganja.

"Konda, mwanangu, zima sauti. Sehemu ya kwanza, wimbo huu ulipoisha tu, kaka yake huyu alipigwa risasi."

"Mama, hata nikizima atakufa."

"Wewe zima tu."

Akazima. Kijana alikimbia kimyakimya mpaka tukafika stendi, bado mzima. Mama akashuka ameridhika.

Sikumcheka. Mke wangu alipougua, niliiomba kwaya isifanyie mazoezi wimbo wa maziko karibu na dirisha letu. Wakaacha kabisa. Mungu alimchukua hata hivyo, na siku ya kumzika waliimba vibaya sana.