Mzee Aliyekataa Salamu Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba nilipompigia magoti mzee wa watu kumsalimia, naye akaniacha hapo chini bila kuniitikia. Mwanangu, kwetu Usukumani kunyimwa salamu si jambo dogo. Afadhali mtu akunyime chakula, utakwenda kula kwa jirani.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umefanywa msimamizi wa zamu pale kiwandani Bariadi. Nilifurahi sana. Halafu nikasikia unalalamika kwamba kila Jumatatu unawaeleza vibarua habari za usalama, wanaitikia ndiyo, na wakitoka hapo wanafanya yale yale. Usikasirike nao. Hata sisi tuliitikia ndiyo, tena kwa sauti nzuri kuliko yao.

Nilikuwa msichana wa Sapiwi, nimemaliza shule juzijuzi tu. Kazi yangu kiwandani ilikuwa kufagia pamba inayodondoka chini ya mashine za kuchambulia, zile zinazotenganisha nyuzi na mbegu. Siku hizo mashine zilizungushwa na mikanda mirefu iliyopita wazi, haina kifuniko, kimo cha kiuno cha mtu. Vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo sisi wanawake tulijifunga khanga moja kiunoni na nyingine tukajitanda mabegani, ncha yake tukazibia pua. Kila Jumatatu meneja alituonya kwamba nguo inayoning'inia ina hatari. Alisema kweli, na alisema kwa upole. Lakini pale mbele yake walisimama mama zetu, nao wamejitanda vilevile. Nani angeanza kumwambia mama yake avue khanga? Na nani angempita mzee kimya, asipige goti wala kusema mwangaluka ya asubuhi, eti kwa sababu mkanda unazunguka? Tungeonekana tumelelewa na fisi.

Mzee mwenyewe aliitwa Maduhu. Alikuwa fundi wa mikanda, rika moja na baba yangu, na ndiye aliyenipeleka kwa meneja nikapata kazi. Alikuwa amekwenda Bukundi kwenye msiba, akakaa huko mpaka tukaanza kumwulizia. Basi asubuhi ile nainua kichwa, namwona amesimama upande wa pili wa mkanda. Furaha ilinijaa. Nikaacha ufagio, nikasogea, nikapiga magoti palepale kama nilivyolelewa, nikapaza sauti ili ishinde mashine nikasema mwangaluka, baba.

Hakuitika. Aliruka mpaka ukutani akashusha swichi kubwa, na mashine zikaanza kulegea mpaka kiwanda kizima kikanyamaza. Watu wote wakageuka kututazama, mimi bado niko chini.

"Inuka hapo," akasema. "Hapa wewe hunisalimii, na mimi sikusalimii. Toka nje."

Nilitoka nalia. Akili za ujana unazijua. Nilidhani huko msibani amesikia neno baya juu yangu, au baba yangu amemkosea. Nikaenda kukaa nyuma ya ghala la mbegu, nikaapa kwamba sirudi tena mle ndani, bora nikachunge ng'ombe. Msimamizi wetu alikuja juu akitaka kujua nani amesimamisha kazi. Nilimsikia Mzee Maduhu akimjibu taratibu kwamba ni yeye, na kwamba hata kesho ikibidi atazima tena.

Saa ya chakula akanifuata. Alikuwa na bakuli la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, akaliweka katikati yetu na kukaa chini mavumbini. Kisha akanisalimia yeye kwanza, mtu wa kunizaa. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, za shamba, salamu nzima kama inavyotakiwa, hakuruka kitu. Mimi nikaitikia huku kamasi zinanitoka. Alipomaliza, akashika ncha ya khanga yangu na kuigeuza nione. Ilikuwa nyeusi kwa grisi.

"Mkanda ulishailamba," akasema. "Ungekaa pale kidogo tu, ungekuvuta shingo."

Mpaka leo ile ncha nyeusi sijaisahau, mwanangu.

Hapo ndipo akanieleza habari za mdogo wake Ngasa, aliyehamia Bukundi kutafuta malisho. Sisi vijana tulimjua tu kama yule mtu wa mkono mmoja. Kumbe miaka ya nyuma Ngasa alikuja kiwandani kumwona kaka yake. Walikuwa hawajaonana muda mrefu. Akanyoosha mkono juu ya mkanda ili washikane kama ndugu, na mkanda ukakamata shati lake. Tangu siku hiyo hajakamua ng'ombe wake mwenyewe, mpaka akamuliwe na watoto.

Watu walikuja kumpa Mzee Maduhu pole, wakamwambia ajali haina kinga. Alikuwa hapendi kabisa kulisikia neno hilo.

"Ile ilikuwa na kinga," akaniambia. "Kinga ilikuwa mimi. Nilimwona anakuja na mkono wake, nikaona haya kumwambia ndugu yangu asinisalimie."

Akatafuna mchembe mmoja polepole. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Alitaka kujua, mashine ikiwa inazunguka, mimi ningependa tusalimiane vipi, maana watu wa kwetu kukaa bila salamu hatuwezi. Hebu fikiria, mzee mzima ananiuliza mimi mfagizi. Kwa utani tu wa mtu aliyetoka kulia, nikainua mikono yote miwili juu, viganja wazi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliitazama mikono yangu, akasema inatosha kabisa, kwa sababu heshima ameiona na vidole vyangu vyote ameviona.

Sasa sikiliza alivyofanya baada ya hapo, maana hapa ndipo pana dawa yako. Hakwenda kwa vijana kuwapa amri. Alikwenda kwanza kwa wazee wenzake wa pale kiwandani, mmoja mmoja, kila mtu mahali anapopumzikia, akawaomba ruhusa wasalimiwe namna hiyo. Alijua kwamba heshima ni yao, na mwenye mali ndiye wa kuombwa. Wengi walikubali. Mama Holo, mkubwa wa wanawake wote wa zamu yetu, akagoma. Mama huyo alikuwa na mdomo.

"Mimi nisalimiwe na watoto kana kwamba wamekamatwa na mgambo?" akauliza.

Mzee Maduhu akacheka naye, akaondoka, kesho yake akarudi tena. Walitaniana siku nyingi hata sisi tukawa tunangojea kuwasikiliza. Mwishowe Mama Holo akasema sawa, atakubali, ila kwa sharti kwamba Maduhu mwenyewe amsalimie hivyo kwanza, mbele ya watu wote, ili aibu ianzie kwake. Jumatatu iliyofuata, meneja alipomaliza kusema, mzee akaomba nafasi. Akaeleza habari ya Ngasa kwa maneno machache, Kisukuma kidogo na Kiswahili kidogo, kisha akamgeukia Mama Holo na kuinua mikono yake miwili. Mama Holo akamtazama, akainua ya kwake. Meneja naye akainua. Halafu Mama Holo akajivua khanga ya mabegani na kuitundika kwenye msumari mlangoni, na wanawake wote wakamfuata. Meneja aliagiza mikanda ifunikwe kwa wavu wa chuma, na msimu uliofuata ikafunikwa.

Mikono yangu hii imefunga marobota, imepalilia pamba, imebeba watoto na sasa inabeba wajukuu. Kila nikiiosha namshukuru yule mzee. Nashukuru hata kwa ile aibu aliyonitia, kwa sababu alichagua nimchukie nikiwa mzima. Kama ni deni, sitalilipa mpaka naingia kaburini, isipokuwa kwa kukwambia wewe.

Yeye tulimzika nyumbani kwake Sapiwi, amekula chumvi nyingi. Tulikuja vibarua wa zamani, wengi tunatembea na fimbo. Jeneza lilipokuwa linashushwa nilitaka kumuaga, lakini magoti yangu hayapigiki tena. Nikainua mikono yote miwili. Sikumwambia mtu. Nilipotazama pembeni, wenzangu wote walikuwa wameinua. Ng'ambo ya kaburi alisimama Ngasa, mvi tupu, ameinua ule mmoja aliobaki nao.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisimama mbele ya watu wako kuwaeleza habari za usalama, jua kwamba wanachokosa si masikio. Kila mmoja ana jambo analoona aibu kulifanya, na aibu hiyo ndiyo inayomsogeza kwenye mkanda. Siku hizi mikanda imefunikwa, lakini kijana anapokea simu ya mama yake karibu na mashine kwa sababu anaogopa kuonekana amemdharau, na mgeni anapewa kazi asiyoijua, naye anaona haya kusema hajui. Kaa nao wanapokula. Wasalimie salamu nzima kwanza. Waulize, kisha nyamaza uwasikilize, na jibu likitoka kwa mfagizi lichukue hivyohivyo. Waendee wakubwa uwaombe, usiwapite juu ya vichwa vyao. Na ukiona hatari, zima mashine, mwanangu, hata kama anayekupigia magoti ni mtu unayempenda, hata kama atalia. Maelezo utayatoa saa ya chakula. Heshima si utumwa, na mtu anayekupenda atakusamehe salamu moja.

Mungu akulinde katika kazi yako. Akupe sauti ya kukataza bila kudharau. Jioni zamu yako inapotoka getini, kila mtu na apite mbele yako akiwa ameinua mikono miwili, na wewe uitikie kwa miwili, mpaka uzeeke kama mimi. Wabeja, mwanangu, kwa kunisikiliza.