Aliyoyasema Mama Kuhusu Kalama

Redio ya Ganda ilipoanza ilikuwa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na wasikilizaji walizoea kuisikia mashine ikinguruma katikati ya habari. Kadzo alikuwa fundi cherehani. Alichukuliwa kwa kuwa Kigiriama chake kilinyooka, akapewa kipindi cha Jumamosi cha kuwahoji wazee majumbani mwao.

Mwaka wa tatu alimhoji mamake mzazi, Kabibi. Bibi huyo alikataa kwanza, kisha akaketi mkekani akaongea saa nzima. Alipofika katikati akamtaja Kalama, mwanawe wa kwanza, aliyefariki kabla Kadzo hajazaliwa. Nyumbani jina hilo halikuwahi kutamkwa. Kadzo aliitikia tu, "Ehe, mama," macho yakiwa kwenye kinasa sauti, maana betri ilikuwa inakwisha. Alisikia mamake akicheka wakati fulani katika masimulizi hayo. Hewani zilitoka dakika kumi za mambo ya kilimo. Hayo mengine alisema atayasikiliza akipata nafasi.

Nafasi hakuipata. Miaka minne baadaye Kabibi alianguka shambani, asiamke tena. Matanga yalipoanuliwa, Kadzo alikwenda kwa Nahashon, meneja mpya, akamwomba amtafutie mazungumzo yale.

Nahashon alitafuta kwenye kompyuta kwa muda, kisha akaacha.

"Dada Kadzo, hii ilikuwa imejaa. Mwezi wa pili nilifuta vipindi vya zamani, tupate nafasi ya matangazo."

"Vyote?"

"Vyote. Niliuliza mkutanoni kama kuna mtu ana chake. Hukusema kitu."

Ni kweli alikuwepo. Alikuwa akiandika salamu za wasikilizaji.

"Pole sana, dada. Sikujua."

Kadzo alisema, "Hapana neno," akaingia studio, kwani zamu yake ilikuwa imewadia. Akasalimu kama kawaida. Wimbo wa kwanza ulipoanza, akazima kipaza sauti akalia mpaka wimbo ukaisha.

Bado anawahoji wazee, na kinasa sauti hakiangalii tena. Kuhusu Kalama amewauliza jamaa wote. Shangazi yake wa Kibarani asema mtoto aliuawa na surua. Mwingine adhani ni homa. Hakuna ajuaye alizikwa wapi, wala mamake siku ile alicheka kwa lipi.