Siku Mzee wa Piano Aliposifu

Mzee wa piano hasifu mtu. Fundi anayemkazia nyuzi amekuwa akiingia sebule ile kwa miaka kumi na tisa, yenye ukuta mzima wa picha za kumbi ambazo mzee alizitikisa kwa jazi, na hajawahi kutoka humo bila kurudia kazi. Mzee hufuta vibao vya piano kwa leso, kimoja kimoja, kama anayemfuta mtoto pua. Hugonga mbao mara mbili, hupiga, kisha kidole kinaganda. "Hiki kina mafua, fundi. Rudia." Fundi hununa, husikiliza tena, na hukuta mzee hakukosea. Siku hizi mzee huinama mno akipiga, sikio likikaribia kugusa piano. Fundi alidhani ni mgongo tu.

Leo, onyesho la mzee likiwa kesho, fundi alifika, akaweka mkoba wake chini, akaenda kunawa mikono. Aliporudi alimkuta mzee ameshaketi, vidole vyake virefu vikikimbia huku na huku, na kibao cha katikati kikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Fundi alikunja uso, akangoja kidole kigande. Hakikuganda. Mzee alimaliza wimbo wote, akageuka, macho yamemlowa.

"Leo umenikosha roho, mwanangu. Haijawahi kulia vizuri hivi."

"Asante, mzee," fundi alisema, na kwa mguu akausukuma taratibu chini ya kiti ule mkoba wa vifaa, ambao alikuwa bado hajaufungua.