Gunzi Lililoua Lori la Baba

Mimi hata kuku sijawahi kuchinja (mama alishakata tamaa nami), lakini lori nimeliua, na nililiua kwa gunzi la mahindi, saa tano asubuhi, mbele ya wakwe zangu wote na watoto wao. Nimeificha aibu hii karibu miaka miwili. Leo naisema kwa sababu juzi mtu wa Ahero alinikuta sokoni Kisumu, akaniuliza kwa heshima zote kama mahindi yamezaa vizuri kwetu mwaka huu, nikaelewa kwamba nikinyamaza mimi, wengine hawatanyamaza.

Lori lenyewe lilikuwa la baba. Lilikuwa na pua ndefu na rangi ya samawati iliyopauka hadi ikafanana na ziwa siku ya mawingu, na kwa miaka thelathini lilibeba mpunga wa watu wa Ahero kuuleta mjini, likatulisha watoto watano katika vyumba viwili mtaani Kaloleni, likatusomesha. Baba alikuwa ameacha kuendesha kwa sababu ya macho, ukungu mweupe ulikuwa umeyaingia na ukakataa kutoka. Lakini kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai, akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Nilipomwambia nataka kumwoa Akinyi, na kwamba kwao ni Ahero, akasema, "Ng'ombe zako zitaenda na hii lori. Imebeba mzigo ya hao watu miaka yote. Mara moja tu iingie kwao na mzigo yetu." Hicho tu ndicho alichotaka, na hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Shida ilikuwa oili. Kila asubuhi palikuwa na doa jeusi chini ya injini, mara upana wa kisahani, mara upana wa sinia. Baba akanituma kwa Mzee Balbir, Kalasinga mwenye gereji nyuma ya maghala, ambaye amelitibu lori hilo tangu kabla sijazaliwa. Mzee Balbir aliinama, akachungulia, akainuka akifuta mikono.

"Yote imelowa, sasa nani atajua inatoka wapi?" alisema. "Lete Alhamisi. Naosha injini yote, nakausha, nanyunyiza poda ya mtoto, nawasha. Pale poda italowa kwanza, hapo ndio mwizi yuko. Na usidanganywe na chini, kijana. Oili inateremka, haipandi."

Basi Alhamisi ikafika, mvua ikanyesha, nikakuta magari manne mbele yangu kwa Balbir, na suti yangu ilikuwa bado kwa fundi cherehani, nami nikafikiri (hapa ndipo nilipopotea, jamani, hapa hapa) kwamba mtu aliyesoma hadi chuo kikuu hawezi kushindwa kutafuta tone la oili. Nikarudi nyumbani. Nikaingia chini ya lori na tochi ya simu, nikaona bomba jembamba linaloteremka ubavuni mwa injini, wazi mdomoni, na tone jeusi linaning'inia, likaanguka, likaja lingine. Nikamkamata mwizi! Nikachukua gunzi, nikalichonga kwa kisu likaenea sawasawa, nikalisukuma ndani ya lile bomba, nikalifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Asubuhi hapakuwa na doa chini ya injini. Sijawahi kujipenda kama nilivyojipenda asubuhi ile.

"Balbir amemaliza?" baba aliuliza.

"Amemaliza, Baba."

Akaweka kiganja juu ya boneti, akatabasamu.

Jumamosi tukapakia ng'ombe watano. Jamaa wengine walitangulia kwa gari jingine, mimi na baba tukafuata, yeye kando yangu na koti lake la kijivu na kofia magotini. Mji ulikuwa umeanza kubaki nyuma yetu aliposema, "Okoth, nasikia harufu."

"Ni ng'ombe, Baba."

"Ng'ombe hainuki oili."

Nikafungua dirisha. Mbele kidogo injini ikaanza kugonga, polepole, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi.

"Simama tuangalie," akasema.

Wakwe walikuwa wanatusubiri, ng'ombe wa mahari hawafiki saa za mchana kama wageni wasio na haya, na zaidi ya yote nilijua kwamba baba akiinama pale barabarani atauliza kazi ya Balbir iko wapi. Nikasema, "Balbir alisema itagonga kidogo mpaka izoee." Akaegemea kiti. Alimwamini Balbir kuliko alivyoniamini mimi, na alikuwa na haki.

Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka. Ilikuwa mbele yetu sote wawili, ndogo, nyekundu kama jicho la mtu aliyelia. Mimi niliiona. Yeye hakuiona. Nikaendelea kuendesha.

Sijui niwaeleze vipi tulivyofika. Wanawake walikuwa wamejipanga langoni kwa vigelegele, na lori likaingia limevaa moshi wa buluu, moshi mzito wa oili iliyomwagikia bomba la moto, ukawafunika wote, vigelegele vikageuka kikohozi. Nikasikia mtu ndani ya wingu lile akimwita Yesu. Hatua kumi ndani ya lango, injini ikapiga kelele moja kama sufuria iliyotupwa sakafuni, ikanyamaza. Hata nilipojaribu kuiwasha, haikuzunguka.

Nikavua koti, nikavua shati (suti mpya, nitafanyaje), nikajitosa chini. Oili ilikuwa kila mahali isipokuwa pale ilipotakiwa. Nikaanza kutoka kinyumenyume, suruali ikanaswa na chuma, ikachanika nyuma kutoka juu hadi chini, na nilipogeuza kichwa nikamwona mama yake Akinyi amesimama na karai la maji, maskini, alidhani mtu ameungua. Kwetu mkwe hata mkono hampi mama mkwe, anamheshimu kwa mbali, wala haonekani kwake bila nguo nadhifu. Mimi nilimsalimia kwa chupi. Karai likaanguka. Alifunika uso kwa leso, akaenda zake haraka, na wanawake wote wakageukia ukuta kana kwamba pana kitu cha kusoma.

"Yawa!" akasema Mzee Obonyo, baba mdogo wa Akinyi, ambaye ndiye msemaji wao. "Oche, mkwe wetu, anavua nguo hata soda hajapewa?"

Wakacheka. Mimi nikatamani ardhi ya Ahero, ambayo hufunguka kwa mafuriko kila mwaka, ifunguke siku hiyo kavu.

Baba hakucheka. Alishuka, akapapasa ubavu wa lori hadi mbele, akapiga magoti na koti lake la kijivu, akaingiza mkono. Hakuhitaji macho. Vidole vyake vilijua kila boliti. Nikaona mkono unasimama. Unarudi nyuma kidogo. Unafungua mpira. Akatoa gunzi, jeusi, linalotiririka, akalishika mbele ya wote akiligeuzageuza.

"Mzee," Obonyo akasema, "hiyo si gunzi?"

Gunzi mashambani lina kazi mbili. Moja ni kuziba kibuyu, na ya pili ni ya chooni, sitaieleza kwa sababu ya wanaokula. Kila aliyekuwa pale alizijua zote mbili. Kuna mzee alicheka mpaka akashikiliwa.

"Balbir hawezi kufanya hii," baba alisema, kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu. "Hii ni pua ya injini, Okoth. Inapumua hapa. Ukiziba pua, inatapika kila mahali, inapasua sili zote zinazozuia oili. Tone ilikuwa ya kufuatwa mpaka juu inakotoka, si ya kuziba." Akanigeuzia uso. "Taa haikuwaka?"

Ningeweza kusema haikuwaka. Nani angejua?

"Iliwaka, Baba."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali.

Ng'ombe walipokelewa, tukala, au wengine walikula. Jua likaanza kushuka, na wageni wa mahari hawalali kwa wakwe, hata lori lao likiwa limekufa uani. Nikamwambia baba pembeni nitafute gari la kulivuta. Alinijibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia. "Unataka hawa watu waone tukitoa kitu kwa hii lango, siku tumeleta mahari? Anayerudisha kitu anarudisha mke."

Kisha akamgeukia Obonyo, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa dereva anayetania vijana wa kupakia magunia.

"Bwana Obonyo, umehesabu ng'ombe ngapi?"

"Tano, Mzee."

"Hesabu tena. Ziko sita." Akapiga boneti kwa kofi. "Hii imekuwa ikija hapa miaka thelathini. Leo ndio imefika."

Wakapiga makofi, wakacheka kwa kicheko kingine, kisichouma, na ndoa yangu ikasimama imara. Nilimwona baba akizunguka lori lake, kiganja ubavuni, kutoka taa hadi nyuma na kurudi, halafu akavaa kofia.

Akinyi ni mke wangu sasa. Mama yake hunitumia salamu kupitia watu. Mzee Balbir alikwenda mwenyewe hadi Ahero kulitazama lori, akarudi akisema imenoki, chuma kimekula chuma, hakuna poda itasaidia. Kuku wanataga kwenye kiti alichokalia baba.

Kila nikirudi kutoka huko, baba haniulizi wakwe wako aje. Huniuliza, "Uliiwekea lori mkono?" Nami humwambia ndiyo. Doa la oili bado liko pale Kaloleni, na asubuhi yeye hutoka na chai yake, akasimama kando ya doa hilo, akanyoosha mkono kidogo, kisha akaurudisha mfukoni.

Mimi na injini tumeachana. Bomba la jikoni likidondosha maji, namwita fundi na kukaa mbali. Lakini hicho si kiapo changu. Kiapo changu ni kwamba taa nyekundu ikiwaka tena mbele yangu, na aliye kando yangu haioni, nitaitaja kabla hajauliza.